Jinsi Tulivyokuwa Ukoo wa Bradley

Enzi zetu za ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumwagwa sokoni kama mahindi, sisi tulifika Ihanja baada ya safari ya siku tatu: treni kutoka Tabora hadi Manyoni, kisha lori, tumekaa juu ya magunia ya chumvi, vumbi hadi kwenye kope. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani. Alirudi kwao na mama, na mimi, na koti zito la Kiingereza lenye kitambaa kidogo kilichoshonewa ndani ya kola: Bradley.

Alilinunua kwenye rundo la mitumba Tabora. Nilikuwepo, mimi ndiye niliyebeba mfuko. Lakini Ihanja aliwaambia watu kwamba Bwana Bradley, bosi wake, alilivua siku ya kuagana akamvika na kumwambia, "Kuanzia leo wewe ni wa ukoo wetu." Kupunguzwa kazi kulikuwa aibu, kupewa jina na Mzungu kulikuwa cheo. Aliponiandikisha shule, akalitaja jina hilo bila kupepesa macho.

Ukoo wenyewe aliupamba. Mara walikuwa wapishi wa mfalme, mara wapanda farasi wa vita. Babu, Mzee Ntandu, alisikiliza huku akitafuna kiazi, kisha akaniita.

"We Mwingereza, ng'ombe wa mfalme wameshakunywa maji?"

Mama alicheka mpaka akapaliwa. Babu hakucheka. Mjukuu wa kiume alikuwa na mmoja tu.

Nilipofika darasa la saba, mwalimu mkuu alitangaza kwamba majina ya mtihani yanafungwa Ijumaa. Wa kurekebisha aje na mzazi. Babu akaacha utani, akamgeukia baba.

"Mwanangu, sema tu koti ni la sokoni. Nataka mtu mmoja abaki na jina langu."

"Nitakwenda, baba."

Alikwenda kweli, nami nyuma yake. Ofisini tukakuta kamati ya shule. "Karibu, Mzee Bradley," wakasema, wakamsogezea kiti cha mbele. Akakaa. Akaulizia habari za madawati, tukarudi nyumbani.

Sekondari, Kiomboi, mwalimu wetu Mwingereza alinieleza kuwa Bradley ni uwanda mpana uliofyekwa msituni. Watu waliitwa kwa mahali walipolima. Nilimpelekea babu habari hiyo.

"Kumbe wakulima kama sisi," akasema. "Sasa baba yako anaringia nini?"

Vijana wa leo hubadili majina kwenye simu mara tatu kwa wiki, wala hakuna babu anayeulizwa. Mimi nimezunguka Mwanza, Mbeya, hadi Tunduru, na kila kitambulisho kinasema Bradley.

Siku niliyoondoka Ihanja moja kwa moja, babu alinisindikiza hadi barabarani. Kondakta akauliza jina la kuandika kwenye tiketi. Babu akaniwahi: "Andika Ntandu."

Akaandika. Nikawa Ntandu hadi Singida mjini, ambako mkaguzi alipanda basi, akaichukua tiketi, akaichana kama za abiria wengine.