Robo ya Mwisho ya Shanga za Kijani

Mume wangu ana ugonjwa mmoja: usafi. Tumefanya kazi karakana moja miaka kumi na tisa, yeye akiunda magita, mimi nikiyapamba kwa mawe yaliyosagwa, na hadi leo akiona vumbi mkono unamwasha.

Wiki hiyo muuguzi mmoja alituletea shanga za mawe ya kijani za marehemu mama yake. Alitaka nizisage, nijaze mfereji mwembamba unaozunguka tundu la gita lake.

"Ni hizi tu nilizobaki nazo," alisema.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mdomo wangu huo!

Nilizitwanga kwenye kinu cha chuma, nikachekecha. Chenga hutangulia mferejini, unga wake hufuata kuziba mianya, ndipo gundi inadondoshwa. Nilikuwa nimejaza robo tatu gundi ilipokwisha. Nikatoka mara moja kwenda dukani, unga wa shanga uliobaki nikauacha mezani.

Niliporudi, meza ilikuwa inang'aa.

"Vumbi lililokuwa hapa liko wapi?"

"Nimepangusa," akasema. "Kitambaa nimeshakisuuza kwenye sinki."

Nilimsema hadi nikaishiwa maneno, naye, mtu mzima na mvi zake, akakaa kwenye kiti bila hata kukipangusa. Maji yakimwagika hayazoleki. Muuguzi alikuwa anakuja saa kumi, na saa tisa ilishapita.

"Mama watoto, si tuna kopo letu la jiwe hilo hilo?" akanong'ona. "Rangi moja. Nani atajua?"

Nikalifungua. Kweli, shilingi kwa ya pili. Nikachota kijiko, nikakipeleka juu ya mfereji, mkono ukagoma. Nikimimina, yule dada atapapasa unga wa dukani maisha yake yote akidhani ni mama yake. Niliogopa, sifichi, lakini kijiko nikakirudisha koponi.

Alipobisha hodi nilimweleza yote pale mlangoni, hata hajakaa. Mume wangu akaja kusimama kando yangu.

"Kosa ni langu, dada," akasema.

Muuguzi alikwenda mezani akaliinamia gita, hadi nikatamani anitukane tu yaishe.

"Mna jiwe jingine la kujazia?" akauliza.

Nikamwonyesha kopo.

"Weka. Lakini kwanza nionyeshe mama anapoishia."

Nikamwonyesha. Akaweka kidole pale, na hakukiondoa mpaka nilipomaliza kumimina.