Kucha Nilizozikuta Mfukoni mwa Mume Wangu

Admin, nifiche jina tafadhali, kuna watu wa kanisa langu humu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na nane. Miaka ya tisini tuliishi mtaa wa Makongeni, mume wangu akiwa dereva wa familia fulani ya wazungu kutoka Australia.

Mimi ni mtu wa kushuku, sikatai. Huyo mume wangu, Baba Ndinda, alianza kurudi na mikwaruzo mikononi, shati likinuka asali na ndizi za kupondwa, kama mtu aliyekuwa akilisha mtoto. Nikawa nakagua nguo zake kabla ya kufua. Siku moja nikapata mfukoni kikaratasi kimekunjwa vizuri. Ndani mna vipande vya kucha, vidogo mno, na nywele laini za kijivu.

"Hizi ni za mtoto wa nani?"

"Si mtoto, Mama Ndinda. Wale wazungu wako na kanyama kadogo, kana mfuko kwa tumbo kama kangaruu. Mimi ndio hukafunga na kitambaa nikakate kucha, nikapige brashi."

"Na umeniletea za nini?"

"Mamangu alitufunza kucha hazitupwi ovyo, za mtu ama za mnyama. Nilitaka kuzichoma, nikasahau. Twende Jumamosi nikuonyeshe."

Nilikataa. Nilijua ameshapanga uongo na wale wazungu wake. Mnyama gani anapigwa brashi? Isitoshe, nilikuwa nimesikia kuna msichana wa mtaa wa Tena anayemchangamkia sana. Nikamtupia nguo nje. Akarudi kwao Ukambani. Binti yetu Ndinda alikuwa na miaka minne, nikamlea nikimwambia babake alituacha kwa sababu ya mtoto wa nje.

Wiki jana Ndinda akaniletea simu akicheka. "Mum, cheki haka!" Ni video ya mwanamke wa ng'ambo, amekafunga kanyama kadogo ka kijivu kwa kitambaa, anakakata kucha. Vile vipande vilivyoanguka mezani ni sawa kabisa na vile nilivyovikuta mfukoni. Nilisema macho yananiuma, nikaenda kulia bafuni.

Na bado, Mungu anisamehe, roho inaniuliza: na yule msichana wa Tena je?

Mwezi ujao watu wa mchumba wake wanakuja kuleta mahari ya Ndinda. Nimemwomba kaka yangu aketi mahali pa baba. Baba mwenyewe yuko hai, hakuoa tena, na Ndinda hajui hata sauti yake. Nikisema ukweli, naogopa mtoto hatanitazama tena. Nikinyamaza, yule mzee ataambiwa na majirani kwamba bintiye ameolewa.

Nishaurini, ndugu zangu, nifanye nini? Nianze kumwomba nani msamaha?