Shuka ya Susu na Filamu za Kunyamaza

Jumapili, tarehe tatu Agosti. Manyunyu tangu alfajiri, ukungu umekalia vilima vya Machakos mpaka saa tano, baridi ya kuumiza vidole.

Niko na daftari kwa magoti na bado nimekasirika, kwa hivyo nikiandika vibaya unisamehe. Mimi niliishia darasa la nane. Lakini leo kanisani nimeona jambo ambalo lazima nikueleze.

Tulikuwa na mgeni, mshauri wa mambo ya familia. Akawasha mashine ya picha, ukuta wote ukawa ziwa la maji yaliyotulia. Akatuambia tufunge macho, tufuate pumzi zetu, kisha akagonga kikengele kidogo. "Sikilizeni mpaka sauti iishe," akasema. Watu wazima wote wakatii, halafu wakapiga makofi. Aliyepiga zaidi ni mzee wa kanisa, yule wa kiti cha mbele. Mimi sikupiga. Kengele kama hiyo naijua, na najua ilitugharimu nini.

Nilikuwa na miaka kama tisa, ile miaka ya tisini. Nililelewa na nyanya yangu, susu tunavyosema sisi Wakamba, upande wa barabara ya Kangundo. Injinia mmoja kutoka Asia, aliyekuwa na kazi kiwandani huko Lukenya, alikuja Jumamosi moja kila mwezi na jenereta na filamu zake, akatuonyesha bure kwa ukumbi wa soko. Ilikuwa saa nane mchana, kwa hivyo tuliziba madirisha kwa mablanketi ya nyumbani, na ndani kukawa na harufu ya moshi wa jikoni, petroli na mahindi ya kuchoma. Shuka nyeupe ya kuonyeshea ilikuwa ya susu.

Usifikirie filamu za ngumi. Waliokuja kutafuta ngumi walitoka mapema. Zilikuwa za watawa wa Kibuda, wamenyoa vichwa, wamevaa nguo za rangi ya machungwa. Mmoja alifagia majani ya uwanja, upepo ukayarudisha, akafagia tena, bila hasira. Susu alicheka mpaka akafuta macho. "Huyo ni mimi kabisa," alisema. Siku nyingine mtawa alikula bakuli la wali polepole mpaka jirani yetu akashindwa kuvumilia. "Si wamwongeze mboga, mzee amekonda."

"Nyamaza wewe," susu akamwambia, "mwenzako anakula."

Mwalimu wa shule yetu alitutafsiria yale maneno machache ya Kiingereza yaliyokuwapo. Injinia hakuhubiri. Filamu ikiisha aligonga kengele, na kila mtu aliinua mkono pale aliposhindwa kuisikia tena. Sisi watoto tuliinua upesi. Wa mwisho alikuwa susu kila mara. "Huyu anasikia mpaka ya kesho," jirani alisema.

Sasa ujue kitu kimoja kuhusu susu. Ndiye aliyefua vitambaa vya meza ya Bwana, miaka mingi. Vilikuwa na beseni lao lisiloguswa na nguo nyingine. Alivianika mbali na kuku, akavipiga pasi ya makaa huku akiimba chini chini. Cheo kingine hakuwa nacho, na hakukitaka.

Mdomo ulioharibu ni wangu. Mwalimu wa Sunday school aliuliza sala ni nini, nami nikajibu kwa maringo, "Ni kukaa kimya mpaka kengele iishe." Akauliza nani alinifundisha, nikasema susu.

Wiki hiyo wazee watatu walikuja kwetu. Walikunywa chai yake kwanza, hiyo siwezi kuisahau. Kisha huyu huyu wa makofi ya leo, wakati huo akiwa bado na nywele nyeusi, akasema, "Mama, umepeleka watoto kwa sanamu."

"Nimetoa shuka, nimekaa, nimenyamaza," susu akajibu. "Sanamu gani hiyo inafagia uwanja?"

"Vitambaa utaturudishia."

Aliingia ndani, akavitoa vimekunjwa, vimepigwa pasi. "Hiki kiko na doa la divai," akasema. "Kilowekeni na chumvi kwanza."

Acha niwe wa haki. Sanamu kwa filamu ilikuwapo, kubwa, ya dhahabu, na watu wakiiinamia. Mzee hakusema uongo. Na susu alipovunjika mguu, gari lililompeleka hospitali lilikuwa la mzee huyo. Naandika hayo yote na bado hasira haipungui. Kanisani susu alikaa benchi la nyuma mpaka alipokufa, akiangalia vitambaa vilivyopigwa pasi vibaya. Injinia alinyimwa ukumbi, akaacha kuja. Siku hizi pale wanauza simenti na mabati, na kelele yake hata kengele ya shule huisikii.

Leo baada ya ibada nilimngoja mzee mlangoni. "Mzee, unakumbuka susu na vile vitambaa?"

"Vitambaa gani, mwanangu?"

Nikamweleza. Alifikiri kwa kweli, nilimwona akitafuta. "Hiyo ni zamani sana," akasema. "Tutaliombea hilo."

Nikamwambia susu hakuhitaji maombi yake, alihitaji kurudishiwa kazi yake, na kwamba leo amepigia makofi kitu kile kile kilichomfanya amnyang'anye kazi hiyo. Hapana, tusidanganyane. Hayo niliyafikiria nikiwa njiani, kwa matope. Pale mlangoni nilisema, "Sawa, mzee," nikamshika mkono ashuke ngazi, maana zilikuwa zinateleza.

Jioni tumekula muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, na maharagwe. Nilitia chumvi mara mbili bila kujua. Mume wangu alionja, akaniangalia, akaendelea kula. Watoto pia. Hakuna aliyesema neno mpaka sufuria ikaisha.