Kikombe cha Mkaza Mwana

Omwenga alikuwa dereva hodari wa lori la majani chai, na mlevi hodari pia, na kwa miaka mingi kazi hizo mbili hazikuwahi kugombana. Mchana aliteremsha mzigo wa majani mabichi kutoka vilima vya Nyacheki, jioni akateremsha chang'aa kooni, na kiwanda chake kilichokuwa nje ya Ogembo hakikuwa na neno. Yeye na mkewe Nyanchera hawakujaliwa mtoto. Mvi zilikuwa zimemjaa, lakini bado aliitwa kwa jina lake tu, kama kijana wa stendi.

Kisha watu wa bima wakaleta sharti: kila dereva apimwe mkojo, bila kuambiwa mapema. Mlango wa choo usifungwe, mpimaji asimame hapo hapo, na kikombe akipokee kingali na joto, maana madereva wana hila. Atakayekataa atahesabiwa kuwa amelewa. Mpimaji aliyeajiriwa alikuwa muuguzi, Celestine, binti wa Nyamira aliyeolewa Nyacheki juzijuzi.

Siku ya kwanza Omwenga alifika na pombe ya jana imemjaa hadi kwenye nyusi. Akakitazama kikombe, akaona kazi yake inazama humo ndani. Ndipo akakumbuka kitu ambacho hakuwa amekikumbuka tangu ajue kunywa, yaani mila. Alimuuliza muuguzi ameolewa katika ukoo gani. Alipotajiwa, alirudi nyuma na kujifunika uso kwa kofia. Kwa kuuvuta ukoo kidogo, mume wa Celestine alikuwa mwanawe, hivyo yeye ni baba mkwe. Na kwa Wakisii, baba mkwe na mke wa mwanawe wana ensoni, heshima yenye haya ndani yake, isiyowaruhusu hata kushikana mikono, sembuse kupokezana mkojo.

Meneja, mtu wa kuja, alidhani anachezewa. Lakini Celestine alikuwa ameinamisha macho, akasema ni kweli. Ikabidi meneja aahidi kutafuta mpimaji wa kiume. Kufikia wakati wa chakula madereva wote walikuwa wamegundua undugu. Hata Ogoti, ambaye ukoo wake ulitenganishwa na huo kwa mto na kesi za mashamba, alipata shangazi wa kumvusha.

Omwenga alicheka njia nzima. Shida ilikuwa kwamba Celestine hakujua ni mchezo. Baba mkwe wake halisi alifariki kabla hajaolewa. Alipomwona Omwenga getini asubuhi iliyofuata, alitoka njiani akampisha, akamsalimu kwa mbali: "Tata, bwakire." Hakuna aliyewahi kumwita Omwenga tata, yaani baba, na siku hiyo alikosea gia mara kadhaa. Baadaye Celestine akampelekea Nyanchera sukari na unga wa wimbi, kama mke wa mtoto anavyomtembelea mama mkwe. Nyanchera alimuuliza mumewe amemtoa wapi huyu mtoto, kisha hakungoja jibu, akachinja kuku.

Sasa, baba mkwe hawezi kuonekana na mke wa mwanawe akipepesuka. Omwenga alibadili njia ya kwenda kilabuni, kumbe njia mpya inapita mlangoni kwa Celestine. Akajaribu kunywa mapema, akamkuta dukani, akajibanza nyuma ya magunia ya saruji mpaka miguu ikafa ganzi. Mwishowe akaona kunywa kuna kazi nyingi kuliko kutokunywa. Aliacha pombe kwa hasira, na Nyanchera akampa Mungu sifa zote.

Watu wa bima wakarudi. Mpimaji wa kiume hakuwa amepatikana, na meneja alikuwa amechoshwa na mila. Aliwapanga madereva akawaambia kikombe ni hiki, mpimaji ni huyu, na anayekataa amelewa. Ogoti, aliyekuwa akinuka hata nzi wakamkwepa, alikuwa wa kwanza kuukana ukoo. Alisema alikosea shangazi. Akaingia, na kwa kuwa Celestine bado aliinamisha macho, akatoka na mkojo wa mtu mwingine, aliokuwa akiubeba kwapani ndani ya kichupa tangu siku ile, ungali na joto, akafaulu. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, wakimkana mkaza mwana wao.

Zamu ya Omwenga ikafika. Mkojo wake siku hiyo ungepimwa hata na malaika. Kilichotakiwa ni neno moja tu la kukana, na lori lingebaki lake.

"Tata," Celestine akasema taratibu, macho chini, "sema tu mimi si wenu, nitapima. Sitakasirika."

Omwenga akarudi nyuma hatua moja. "Nikisema hivyo leo, kesho utaniita nani?" Akamgeukia meneja. "Andika nimekataa. Siwezi kukojoa mbele ya mke wa mtoto wangu."

Meneja akaandika kwamba amelewa. Funguo za lori akapewa Ogoti, aliyekwangua nguzo ya geti wakati wa kutoka na kuilaumu nguzo.

Omwenga alichukua koti lake, akatoka nyuma ya lori. Celestine aliondoka njiani akasimama kwenye majani yenye umande, akampisha. Na mtu wa kwanza kufutwa kazi kwa ulevi katika kiwanda kile akaenda nyumbani kwa miguu, katikati ya barabara, bila kupepesuka.