Mizani ya Gerlof

Kila masika, kabla karavani ya kwanza, kijumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, haijatoka kijijini kwetu kwenda likizo, Gerlof Postuma alifanya ukaguzi. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa fundi bomba mstaafu mwenye nafasi tele, na kwa maoni yake sisi wengine tulifika Ufaransa na kurudi kwa huruma ya Mungu tu. Alipita nyumba hadi nyumba na mizani ya bafuni kwapani. Akifika aliiweka chini, akasimamisha kipande cha mbao juu yake, na juu ya mbao akalaza pua ya karavani, ule mkono wa mbele unaofungwa kwenye ndoano ya gari.

"Pua nyepesi mkia hucheza, jirani," aliniambia mwaka ule. "Na mkia ukicheza, gari si lako tena."

"Gerlof, mimi na Jelmer wangu tunalala kwenye hema. Hema halina pua."

"Nakwambia ujue tu."

Tulimcheka akishapita. Mkewe, Aukje, hakucheka. Kiangazi kilichotangulia karavani yao iliyumba kwenye barabara kuu, na tangu hapo kila akisikia lori likipita alishika ukingo wa meza. Siku moja, tukinywa kahawa jikoni kwake, alimwambia mumewe mbele yangu, bila kupandisha sauti:

"Ikiyumba tena, hata mara moja, tunaiuza. Mimi nitapanda ndege na dada yangu, twende zetu Ugiriki. Wewe baki na mizani yako."

Gerlof alijua Aukje hasemi jambo mara mbili. Na karavani ile aliipenda kupita kiasi. Ndani yake watoto wao walijifunza kutembea, na kila Jumamosi aliiosha kwa sifongo laini.

Basi akapima kila kitu. Siku ya kupakia nilikwenda kusaidia nikajuta, maana damu ilinichemka.

"Vitabu vitano?" alimuuliza mkewe. "Chagua viwili."

"Ni wiki tatu, Gerlof."

"Visome polepole. Na hiki kikaango cha chuma cha nini?"

"Cha kukaangia, mzee wangu."

"Kakaangie nyumbani."

Vizito juu ya ekseli, pale kwenye magurudumu, vyepesi juu kabatini, nyuma pasiwekwe kitu: alituimbia wimbo huo mchana kutwa. Kikaango kikarudi jikoni, viatu vya pili vikarudi chumbani, na Aukje akapanda gari midomo kaibana. Sisi tukawafuata na gari letu.

Tulivuka Ubelgiji salama mpaka kwenye mteremko mrefu wa milima ya Ardennes. Hapo nikauona mkia. Ulikwenda kushoto kidogo, ukarudi kulia, kisha kushoto tena, zaidi. Mara karavani nzima ikawa inalitingisha gari kama mbwa anayetingisha panya.

"Usikanyage breki," Jelmer alinong'ona, utadhani Gerlof anamsikia. "Usikanyage, usikanyage."

Haki yake nimpe: hakukanyaga. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani umenyooka, hakushindana nao. Lori la pembeni lilipiga honi ndefu. Nililia, sioni aibu kusema. Mwendo ukapungua, mkia ukatulia, nao wakaingia kituo cha kwanza cha mapumziko.

Gerlof alishuka mweupe kama unga. Neno lake la kwanza halikuwa shukrani.

"Umeongeza vitabu!"

Aukje alibaki kwenye kiti cha gari.

Gerlof akaingia karavani kusaka ushahidi, Jelmer nyuma yake. Mume wangu ndiye aliyeinua kitanda cha nyuma kabisa. Chini yake palikuwa na magunia mawili, yamejaa ndi.

"Gerlof, hivi ni nini?"

"Viazi."

"Viazi nimeviona. Kaviweka nani?"

Viazi vile tulivijua wote, vya bustani yake. Nyani haoni kundule.

"Ufaransa wana viazi," nikasema.

"Havipondeki. Vina maji."

"Na mizani? Hukuvipima?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, ndipo nikaelewa kwamba hakuwa akituhadaa. "Chakula si mzigo," alisema. "Si kitaliwa?"

Aukje alikuwa amefika mlangoni, kajishikiza kwenye fremu.

"Siku zote nilidhani naogopa barabara," alisema. "Kumbe wa kumwogopa nimekaa naye."

Viazi vikahamishiwa juu ya ekseli. Nafasi kambini ilikwisha kulipiwa, na kwetu hilo halijadiliwi, kwa hiyo likizo iliendelea. Wiki tatu tulikula viazi vya kuponda, kila mtu anasifu ladha na hakuna anayemtazama Gerlof.

Mwezi wa tisa walikuja wanunuzi, kijana na mkewe mjamzito. Gerlof aliwafundisha karibu saa nzima: pua, ekseli, upepo wa matairi, waya wa kufunga breki karavani ikichomoka. Walimsikiliza kwa adabu. Kisha yule mke akauliza, "Imewahi kuyumba?"

Aukje alisimama kando yangu, mikono mfukoni.

"Mara mbili," Gerlof alisema. "Ilipakiwa vibaya."

"Na nani?"

Nilifikiri atasema lolote isipokuwa lile alilolisema.

"Na mimi. Mara zote mbili."

Aukje alimgeukia ghafla, maana hakuwahi kuambiwa kwamba hata ile ya mwaka uliotangulia ilikuwa kosa lake.

Kijana alifunga pua kwenye ndoano, akaaga, akaondoka. Gerlof aliifuata karavani mpaka katikati ya barabara, akasimama akiukazia macho mkia wakati ikishika barabara ya kando ya mfereji. Ilikwenda imenyooka, haikuyumba hata kidogo.