Goti Langu na Alhamdulillah

Mwanangu, hii hadithi inanitoa mjinga kutoka mwanzo mpaka mwisho. Nakwambia mapema usije ukapoteza muda kutafuta pahala nilipokuwa na akili. Hutapaona.

Najua unacheka nikikwita mwanangu, maana wewe ni mtoto wa dada yangu na ndevu zako zimeshazishinda zangu. Lakini nasaha hutolewa na wazee, na mimi mwilini mwangu mzee ni mmoja tu: goti la kulia. Basi chukulia goti ndilo linalosema, mie nalisaidia mdomo. Wewe karibu unaingia jeshini, na goti lina maneno na wewe.

Siku yenyewe naikumbuka mpaka baridi ya ile AC. Nimekaa kwenye kiti mbele ya lajna, yaani kamati ya madaktari wa jeshi, wazee wamejipanga nyuma ya meza, kila mmoja na miwani yake. Hawa ndio wanaoamua kama unarudi kazini au wanakupa taqaud ya maradhi, yaani unastaafu kabla ya wakati wako kwa sababu mwili umekataa. Mkubwa wao ndevu nyeupe, uso wa upole, ungemkuta msikitini ungembusu mkono.

"Hali yako, mwanangu?" akaniuliza.

"Bikheri, alhamdulillah."

"Na goti?"

"Alhamdulillah."

"Linakuuma?"

Sasa sikiliza. Goti siku ile lilikuwa linauma mpaka ngazi za hospitali nimezipanda ubavu ubavu kama kaa. Lakini si unajua tulivyolelewa? Mtu mzima akikuuliza hali, unamjibu alhamdulillah. Akikuuliza tena, alhamdulillah tena. Sisi hata nyumba ikiwaka moto, mgeni akifika tunamwambia khabari njema, tunamkaribisha halwa, tunammiminia kahawa, halafu ndiyo tunamwambia samahani, naomba unishikie hii ndoo.

"Kidogo tu, mzee wangu," nikasema. "Neema ya Mungu."

"Lilikupata vipi?"

"Qadar Allah."

Ni kadari ya Mungu. Wote wakatikisa vichwa, mmoja akajipangusa uso, na yule mkubwa akasema, "Mungu akulipe kheri kwa subira yako." Nikatoka pale nachechemea huku nimejaa furaha, najiona kijana mwenye adabu zake. Nikasema wale wazee wamenipenda. Kweli walinipenda. Wakanistaafisha.

Ambalo sikulisema ni hili. Mie jeshini nilikuwa dereva wa lori na mpakiaji. Tulikuwa kwenye mazoezi jangwani, upande wa Sinaw, na mimi nateremsha vitu vya jikoni. Nimeruka kutoka kwenye lori na mtungi wa gesi begani, mchanga ukateleza, goti likaenda kusini mimi nikaenda kaskazini. Nimelisikia likilia kama kuni kavu inayovunjwa. Shawishi wetu, mkubwa wa kikosi changu, jina lake Hamuud, alikuwa pale pale. Akapiga kelele, "Uko sawa?" Unajua nilimjibu nini. Alhamdulillah, nikamjibu, nimekaa chini kwenye mchanga, mtungi mapajani kama nimepakata mtoto.

Basi nikarudi nyumbani Ibra, mstaafu bila mvi. Watoto wa mtaani wakiniita shaibu, mzee. Nikakaa, nikachoka kukaa, nikaomba kazi ya kiraia kwenye idara moja ya serikali, nikapata kazi ya ghala. Na hapo ndipo kichwa kilipoanza kuzunguka. Walinipima afya kabla ya kunichukua, daktari wao akasema huyu mzima, anafaa. Yaani mie yule yule, goti lile lile, kwa jeshi mgonjwa, kwa idara mzima. Nilitaka niwakutanishe hawa madaktari wamalizane wenyewe, mie nikae pembeni ninywe chai.

Kungekuwa hakuna tatizo, lau si Bibi.

Bibi Zuwena, mama yake marehemu babangu, kazaliwa Tabora na kakulia Tabora. Dada yake, Bi Shariifa, kabaki huko huko. Wamezeeka kwenye simu, kila Ijumaa, "hujambo," "sijambo," mpaka sikio linapata moto. Ijumaa moja Bi Shariifa akasema macho yake yanafunga, daktari kashamwambia hayatarudi. Akasema, "Zuwena, nataka nikuone nikiwa bado naona."

Bibi akaweka simu chini, akaniangalia mimi. Kwani amwangalie nani? Peke yake hawezi, mtu wa kushikwa mkono kila ngazi. Wajukuu wengine ama wana skuli, ama Kiswahili chao hakitoshi kuombea maji ya kunywa. Ndege mpaka Dar, treni mpaka Tabora, mapumziko njiani, na kukaa na dada aliyemkosa umri mzima. Hiyo si safari ya kwenda na kurudi mbio. Na mimi mwajiriwa mpya, ijaza yangu, yaani likizo yangu, fupi kama mkia wa mbuzi.

Nikasema kimoyomoyo, mie si mpya! Nina miaka yangu ya jeshi. Wakiihisabu, napata ijaza ya watu wakubwa, nampeleka Bibi wangu. Nikaendesha mpaka Nizwa, kwenye ofisi ya mambo ya watumishi. Karani mwenyewe mwenzetu wa Kiswahili, kwao Bujumbura, Bi Rahma, mdomo wake mwepesi.

"Umestaafu jeshini?" akaniuliza.

"Naam."

"Kwa kutimiza muda?"

"Kwa maradhi."

"Maradhi ya kazini au ya kwako?"

Nikamtazama. "Bi Rahma, maradhi yote niliyonayo ni ya kwangu, sijaazima kwa mtu."

Hakucheka. Akanieleza taratibu kama mtoto. Kwa ofisi yao, aliyestaafu jeshini kwa kutimiza muda wake, ile miaka imeshapewa haki yake kule, huku anaanza upya kama jana. Aliyestaafu kwa maradhi yaliyompata tu, sukari au moyo au mpira wa jioni, naye anaanza upya. Lakini aliyetolewa kwa kuumia akiwa anafanya kazi ya jeshi, huyo miaka yake ya jeshi wanamuhisabia kwenye ijaza.

"Mimi niliumia kazini," nikasema.

"Lajna hawalijui hilo. Kwao wewe umeumwa goti, basi. Uliwaambia?"

Nikakumbuka qadar Allah.

"Hukuwaambia," akasema Bi Rahma. "Hawakukuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukajibu nini?"

"Nilijibu kwa adabu."

Akasema, "Nenda kaombe wakusikilize tena. Na mlete mtu aliyekuona ukianguka." Nikatoka nje sijui kama mie ni mstaafu, mgonjwa, mzima, mpya au wa zamani. Nilikaa kwenye gari nikawa nimesahau hata nimeliwasha au sijaliwasha.

Mtu aliyeniona ni Shawishi Hamuud, na yeye keshastaafu, yuko kwao Sinaw anauza mbuzi. Nikenda, na Bibi akasema lazima aje. Akakaa garini, mimi nikaingia barzani. Shawishi akanipokea kama mwanawe. Tukasalimiana. Tukaulizana khabari, njema. Khabari za watu wa nyumbani, njema. Za mvua, za mifugo, za barabara, zote njema. Kahawa ikaja, tende zikaja. Mie nangojea aniulize kilichonileta, yeye heshima inamkataza kumuuliza mgeni haraka. Kahawa tena. Akanielezea bei za soko, nikamuunga mkono. Mwisho nikatikisa kikombe kuwa imetosha, tukaagana, tukakumbatiana, nikatoka.

Nimefika garini Bibi ananiuliza, "Kasemaje?"

"Yuko salama, anakusalimu."

"Nakuuliza goti."

"Bibi... haikupatikana nafasi."

Mwanangu, yule bibi hatembei bila kushikwa, lakini siku ile alitoka garini kabla sijamzungukia mlango. Kiarabu chake ni cha mtu aliyekulia Tabora, kinakwenda moja kwa moja, hakina kona. Akasimama mlangoni kwa mtu, kashika ukuta.

"Hamuud! Salaam alaykum. Huyu mtoto kaja kukuomba ushahidi. Goti lake limevunjika kazini na wewe ulikuwepo. Nina dada Tabora anapofuka. Huyu haya zinamuua, mimi haya zimeniisha zamani."

Shawishi akasimama, akanitazama kwa nyuma ya bega la Bibi. "Wallahi mie nadhani umekuja kununua mbuzi! Nimeshakuchagulia na mbuzi mwenyewe."

"Samahani, shawishi."

"Na siku ile, si nilikuuliza uko sawa? Ukaniambia alhamdulillah! Ungesema umeumia ningekwitia gari la hospitali pale pale, na wakubwa wangejua, na leo mama huyu asingesimama juani." Akamgeukia Bibi, sauti ikashuka. "Ingia ndani, mama. Ntakuja nae popote watakapotaka."

Nikaomba lajna wanisikilize tena, na akaja kweli, kavaa kilemba chake cha Iddi. Lajna ile ile, AC ile ile, mzee yule yule wa ndevu nyeupe. Shawishi akaeleza lori, mtungi, mchanga. Wakamshukuru, wakanigeukia mimi.

"Na goti lako vipi, mwanangu?"

Alhamdulillah ikatoka yenyewe. Sikuiita! Shawishi akafumba macho. Mie nikaona uso wa Bi Shariifa, ambao sijawahi kuuona, nikasema haraka kabla adabu haijanikamata tena, "Alhamdulillah, na linaniuma, mzee wangu. Linaniuma nikipanda ngazi, linaniuma nikisali, nimelipata nikiteremsha mtungi wa gesi kwenye lori la jeshi, na tangu siku ile halijapona."

Yule mzee akavua miwani yake.

"Mbona mara ya kwanza hukusema?"

"Niliona haya kulalamika mbele yenu."

"Mwanangu," akasema, "Mungu analijua goti lako. Sisi hatulijui. Ndiyo maana tunakuuliza."

Walichukua muda wao, na mimi muda ule kila Ijumaa naisikia ile simu. "Bado unaona?" Bibi anauliza. "Naona mwanga wa dirisha," anajibu dada yake. Ijumaa nyingine, "Naona dirisha, lakini silijui kama lipo wazi." Bibi alikuwa akimaliza simu haniulizi kitu. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma kuliko goti. Halafu Bi Rahma akanipigia kutoka Nizwa, hata salamu hakutoa: "Umebadilishwa. Umeumia kazini. Kata tikiti."

Tulifika Tabora asubuhi. Bi Shariifa kakaa barazani, uso kaupeleka kwenye mlio wa gari. Nikamshika Bibi mpaka mbele yake. Wale wazee wakashikana mikono.

"Hujambo, Zuwena?"

"Sijambo. Hujambo?"

"Sijambo."

"Hujambo wa siku nyingi?"

"Sijambo kabisa."

Mmoja miguu imekwisha, mwengine macho yamekwisha, na wote hawajambo! Mimi nasimama pale na goti langu, nacheka peke yangu, halafu sicheki tena. Maana Bibi alisema, "Sijambo nini, Shariifa. Miguu yangu imekufa, na nimekukosa mpaka kifua kinaniuma." Bi Shariifa akamvuta, akamsogeza uso karibu, karibu kabisa, kama mtu anayetia uzi kwenye sindano. Akamkagua pole pole, paji, pua, kidevu.

"Umezeeka vibaya," akasema. "Nakuona."

Basi mwanangu, hili ndilo neno goti lililokuitia. Huko unakokwenda, ukiumia sema siku ile ile, umwambie mkubwa wako, useme wapi na ulikuwa unafanya nini. Siyo kulalamika huko, ni kutoa khabari. Ukikaa mbele ya lajna mshukuru Mungu kwanza, halafu mjibu daktari alichokuuliza. Na wakikwambia umestaafu kwa maradhi usitoke mlangoni kabla hujauliza maradhi gani, ya kazini au yaliyokukuta tu, kwa sababu siku utakapokwenda kazi ya kiraia neno hilo moja litakutangulia mlangoni. Mie mpaka leo sielewi vizuri kama ni mzima au mgonjwa. Lakini najua nilivyoumia, na sasa na wao wanajua.

Kwenye ndege ya kurudi nilidhani Bibi kalala. Nikajipapasa goti, limevimba kwa safari. Akafungua jicho moja.

"Linakuuma?"

"Linauma, Bibi."

Akaweka mkono wake juu yake, akasema, "Ahsante kwa kuniambia. Mungu akupe afya, mjukuu wangu, wewe na wadogo zako wote. Na pale atakapokunyima afya, akupe mdomo."