Injini Ipimwe Ikiwa Baridi

Siku yangu ya kwanza katika gereji ya Thika nilipewa debe la mafuta ya taa na brashi, nikaambiwa nisafishe vyuma. Nilikuwa nimeacha shule darasa la nne baada ya wazazi wetu kufariki, na nyuma yangu walikuwapo wadogo zangu watatu. Kila chuma nilichokisafisha nilikigeuzageuza nijue kinafanya kazi gani. Fundi Mkuu, Kalasinga mpole, aliniona, akanifundisha kutumia maikromita ya ndani, ile fimbo fupi ya chuma unayoirefusha ndani ya silinda mpaka iguse pande zote mbili.

"Hii hapana jua bwana, hapana jua boi," aliniambia. "Iko sema namba tu."

Jumapili klabu ya pikipiki ilishindana kwenye barabara za vumbi za shamba moja la kahawa, Ruiru. Madaraja yalikuwa mawili, dogo na kubwa, na Bwana Katibu wa klabu, Mzungu mwenye gereji yetu, aliamua kwa kutazama tangi tu. Kisha waendeshaji wetu wakataka kuingia mashindano ya kulipwa ng'ambo. Wakajibiwa kwamba ushindi wa klabu hautatambuliwa mpaka madaraja yafuate kanuni za huko. Kila injini iliyoshinda ingepimwa ujazo, yaani nafasi ambayo pistoni inaifagia ikipanda na kushuka. Daraja la 350 lisizidi sentimita za ujazo 350, hata kidogo.

Kitabu cha kanuni kilikuwa cha Kiingereza. Dada yangu Wambui, aliyekuwa shuleni kwa mshahara wangu, alinisomea jikoni huku akikoroga uji.

"Mũrũ wa maitũ, kaka yangu, hapa wanasema injini ipimwe ikiwa baridi."

"Ni ili mtu asiungue vidole," nikamwambia. "Endelea."

Kwa kuwa Fundi Mkuu mwenyewe alikuwa anashindana, kupima kuliniangukia mimi. Enzi zile za Hali ya Hatari ya wakoloni nilihitaji pasi hata ya kufika Ruiru, na Bwana Katibu alinikabidhi yangu kwa onyo: "Wewe nakosa namba, kesho hapana kuja kazi."

Daraja la 350 alishinda Fundi Mkuu. Watu walikuwa wakisubiri, kwa hiyo nilizungusha kitambaa vidoleni, nikafungua kichwa cha injini papo hapo, nikapima. Ilizidi, kwa unywele. Nilipima mara tatu, namba ikawa ile ile. Bwana Katibu akafuta jina la mshindi.

"Mwalimu nafelishwa na mwanafunzi yake!" akapaza sauti meneja wa shamba, aliyekuwa wa pili, na wenzake wakacheka.

Fundi Mkuu hakukasirika. Alisema tu, "Mimi napima jana. Iko sawa."

Neno hilo lilinikaa kichwani. Jana ilitosha, leo imezidi, na chuma ni kile kile. Ni nini kilichobadilika? Vidole vyangu bado vilikuwa vikiwaka ndani ya kitambaa, na hapo nikamkumbuka Wambui na uji wake.

Nikamwendea Bwana Katibu nikijua kabisa ninachokwenda kusema. Nilikuwa nikiwaza ada ya wadogo zangu watatu.

"Bwana, nimekosa. Nataka kupima tena ikipoa."

"Nani nakosa? Yeye au wewe?"

"Mimi, bwana."

Tulingoja mpaka Bwana Katibu na wenzake wakamaliza chai na injini ikapoa. Nikapima mbele yake: injini ilikuwa ndani ya 350.

Alitazama silinda, akaigusa mwenyewe. "Chuma nakuwa kubwa?"

"Ikipata moto, bwana. Kitabu kinasema."

Kiingereza kilikuwa chake, si changu. Aliandika tena jina la Fundi Mkuu. "Kesho kuja," akasema. "Na hiyo maneno andika Kiswahili, weka kwa ukuta."

Wambui ndiye aliyeyaandika, kwa mwandiko mzuri wa shule. Karatasi ile ilibaki ukutani hata baada ya Bwana Katibu kurudi kwao, na mimi nikawa msimamizi wa karakana ile ile. Leo vijana wana vyombo vinavyoonyesha namba vyenyewe, nami napenda kuvitazama. Maikromita yangu haikudanganya siku ile, injini ikiwa moto wala ikiwa baridi. Ila mimi sikuwa nimeuliza kwa nini ipimwe baridi.

Siku niliyostaafu niliibandua karatasi, nikampelekea aliyeiandika. Aliisoma, akanishika mkono, akavigeuzageuza vidole vyangu.

"Na kweli," akasema, "havikuungua sana."